Safisha Kioo Kabla ya Kuwasha Leza

Wiki hii kijana wa Mbale ameniandikia: "Kaka, nina leza ya wati 40 ya kuchongea akriliki. Naweza kutengenezea lenzi?" Unaweza. Mimi natengeneza hapa Nasser Road, Kampala, kwa mashine ileile ninayochongea vibao vya milango.

Lakini nilianza vibaya. Mwaka juzi shule moja iliniagiza lenzi 30 za hadubini za wanafunzi. Nikavunja chupa za soda, nikayeyusha vipande vyake. Nyingi zilipasuka zikipoa, zilizobaki zikajaa mapovu. Mwalimu akainua moja kwenye mwanga, akasema mbele ya watoto, "Hizi ni takataka." Pesa sikulipwa, na neno lile bado linaniuma.

Kioo cha chupa hutanuka sana kikipata moto, ndiyo maana hupasuka. Tafuta kioo cha neli za maabara, kivute kwa tochi ya gesi mpaka kiwe uzi mwembamba. Kisha kisafishe kwa spiriti. Kisafishe tena.

Mwanga wa leza hizi za kaboni dayoksaidi una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6. Jicho haliuoni, kwa hiyo kifuniko kisifunguliwe kamwe mashine ikiwaka. Kioo hupitisha mwanga wa kawaida, ila huu hufyonzwa na kioo ukageuka joto. Uzi wangu huzungushwa na kimota nilichotoa kwenye printa mbovu. Ncha inang'aa njano, inalegea, halafu inajiviringa yenyewe kuwa gololi, na hiyo ndiyo lenzi. Huna haja ya kuifinyanga: mvutano wa uso wa kioo kilichoyeyuka ndio unaoiviringisha. Hapo punguza nguvu kidogo kidogo, usizime ghafla.

Robert Hooke wa Uingereza alieleza jambo hili mwaka 1665, yeye akitumia moto wa taa. Gololi ya milimita 1 ukiisogeza karibu kabisa na jicho hukuza takriban mara 330. Jana nilitazama ngozi ya kitunguu: seli zimepangana kama matofali, kila moja na kiini chake. Nilikaa pale mpaka giza likaingia.

Vijana wenzangu, tuache haraka! Mapovu mengi yalitoka kwenye uchafu niliokuwa mvivu kuufuta. Safisha kioo, nasema tena, safisha.

Gololi moja nimeifunga kwenye karatasi laini. Jumatatu naipeleka shule ile, nimkabidhi mwalimu mkononi.