Ukijenga chuo, muulize kwanza mwenye funguo

Nilisimamia mafundi kwenye mjengo wa madarasa ya chuo kimoja upande wa Kisumu. Wenyewe walitaka jengo linalorudisha zaidi ya linavyochukua: maji, umeme, hata kivuli. Sola ziliwaka siku ya kwanza, picha zikapigwa. Kilichotutoa jasho ni gata.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 600, na Kisumu hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka. Ukitoa hata moja ya tano inayopotea, unabaki na zaidi ya lita laki tano. Lakini mvua ya huku hainyeshi kwa adabu. Inamwagika jioni, nusu saa hivi, gata la inchi 4 linafurika na maji yanachimba kando ya msingi. Chukua gata pana, usibishane na mhasibu.

Halafu kuna bomba la kutupa maji ya kwanza, yale yanayosomba vumbi na mavi ya ndege. Mwisho wake una kifuniko cha kufunguliwa kila baada ya mvua. Sisi tulilishusha nyuma ya chumba cha jenereta, palipo na kufuli, na mzee wa matengenezo hakuambiwa lolote. Wiki ya tatu maji yakanuka. Akanipeleka mpaka pale, akaniuliza: "Injinia, hii kitu mliniwekea ama mlinifichia?"

Sikuwa na jibu. Mzee kama huyo aitwe michoro ikiwa bado ya penseli.

Mengine yanajulikana, ila watu huyapuuza. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo ukuta unaotazama mashariki au magharibi huiva kama jiko. Lilaze jengo kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini. Bloku za kufungamana, za udongo uliochanganywa na simiti, hazihitaji kuni za tanuri, lakini si kila udongo unafaa, na ule mweusi unaopasuka kiangazi usiuguse. Jaza udongo mbichi kwenye kisanduku cha mbao cha sentimita 60, uache ukauke, upime ulivyonywea. Ukinywea sana, udongo huo utakula simiti nyingi.

Na mita za kupima maji na umeme zifungwe kabla ya kukabidhi. Jengo la Kendeda la chuo kikuu cha Georgia Tech, Atlanta, Marekani, lilifunguliwa 2019, cheti cha Living Building Challenge, cha majengo yanayorudisha zaidi ya yanavyochukua, likapata 2021, maana cheti cha aina ile hakitolewi kwa michoro. Lazima jengo lipimwe likitumika miezi 12 mfululizo. Sisi mita za maji tulizikumbuka watu wakiwa wameshahamia, na miezi ile ya mwanzo hatuna hata namba moja ya kumwonyesha mtu.

Bomba tulilihamishia kando ya mlango wa jikoni. Mzee hulifungua asubuhi akienda kuchukua chai.