Programu Iliyonifaa Ni Ile Iliyokuja Ikiwa Tupu

Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama mtu mzima mwenye kazi zake anaweza kujifunza lugha mpya kwa programu ya simu, bila kuingia darasani. Ninajibu nikiwa mwongoza watalii wa Arusha ninayejifunza Kijerumani. Kwa maoni yangu anaweza, tena anaweza kufika mbali kuliko wanavyodhani wale wanaozidharau programu hizi, lakini kwa sharti ambalo matangazo yake hayalitaji: sentensi anazojifunza zitoke katika kazi yake na maisha yake mwenyewe, si katika ghala la sentensi zilizotungwa na watu wasiojua anaishi wapi wala anashinda akifanya nini.

Nieleze kwanza kwa nini Kijerumani, na kwa nini simu. Katika kazi yetu lugha ni ujira. Wageni wengi kutoka Ujerumani, Austria na Uswisi wanaelewa Kiingereza, ila kampuni zinazopokea makundi kutoka nchi hizo hupenda kuwapa mwongozaji anayeweza kuwaeleza mambo kwa lugha yao, na mwongozaji huyo hulipwa vizuri zaidi na huwa wa kwanza kupigiwa simu msimu ukiwa mbaya. Madarasa ya lugha mjini yapo, lakini ratiba zake ni za mtu anayelala nyumbani kila siku. Kuanzia Juni hadi Oktoba mwongozaji anaweza kuwa Tarangire Jumatatu, Ngorongoro Jumatano na Serengeti mwisho wa wiki, kisha akarudi mjini kufua nguo na kwenda kuwapokea wageni wengine katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ni wakati wa masika tu, Aprili na Mei, anapoweza kumwahidi mwalimu kwamba atahudhuria kila kipindi. Simu, kwa upande wake, iko mfukoni muda wote, na kazi hii ina saa nyingi za kungoja: kungoja kibali getini, kungoja wageni wamalize kifungua kinywa, kungoja ndege iliyochelewa.

Programu wanazozifahamu wengi ni zile zinazokuja na kozi iliyokwisha kupangwa. Maarufu kuliko zote ni Duolingo, iliyoanzishwa na Luis von Ahn wa Guatemala na Severin Hacker wa Uswisi walipokuwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2012. Tangu 2017 inafundisha hata Kiswahili kwa wanaojua Kiingereza. Ziko nyingine za jamii hiyo, na niliyoanza nayo ni mojawapo, ingawa sitaitaja jina. Zinafanana kwa mengi: somo la dakika chache, picha, maneno ya kugusa na kuyapanga, alama, na hesabu ya siku ulizosoma mfululizo bila kukosa.

Sina sababu ya kuibeza hatua hiyo. Programu ya aina hiyo ilinipa sauti za lugha, salamu, siku za juma, vitenzi vya kila siku na ujasiri wa kukosea bila mtu kucheka, jambo ambalo kwa mwanamume mzima mwenye watoto shuleni si dogo. Ila nilivyoendelea niligundua kwamba ilikuwa inanifundisha kutambua lugha, si kuitoa kinywani. Ukiwekewa maneno sita kwenye kioo na jibu linahitaji matano, unalipata jibu hata kama hukulijua, kwa kuondoa lisilofaa na kuangalia herufi kubwa iko wapi. Mgeni aliyesimama ndani ya gari, kichwa kikiwa kimetokeza juu ya paa, hakuwekei maneno ya kuchagua. Anauliza, anakutazama, na ukimya wako unaonekana na gari zima.

Halafu kuna maelezo ya sarufi. Kozi niliyotumia ilieleza Kijerumani kwa Kiingereza, na ilimhurumia Mwingereza kwa mambo yasiyotusumbua sisi, huku ikipita haraka kwenye yale yanayotusumbua. Ilitumia masomo mengi kumtuliza mwanafunzi asishangae kwamba nomino zina makundi matatu na kwamba maneno mengine hubadilika kuzifuata. Mtu aliyekua akisema kiti kizuri, mti mzuri na nyumba nzuri hahitaji kutulizwa. Ngeli tatu kwake ni nafuu. Sauti iliyo katika neno „noch" nayo haimpi shida yeyote anayeitamka kheri kama inavyotamkwa pwani. Kinachotutesa ni irabu kama ü na ö, kwa sababu zetu ni tano tu, na hapo ndipo kipaza sauti cha programu kilipokuwa na huruma kupita kiasi: nilikuwa natamka u yangu ya kawaida na kioo kinageuka kijani kunipongeza.

Maudhui ndiyo yaliyonichosha zaidi. Nilijifunza kuagiza kahawa, kukata tiketi ya treni na kueleza kwamba nyumba ya shangazi ina bustani. Yote ni Kijerumani safi, na huenda yanamfaa anayehamia Ulaya. Mimi nilihitaji kusema kwamba tairi limepata pancha na hakuna mtu anayeruhusiwa kushuka, kwa kuwa simba wamelala karibu. Nilihitaji pimbi, ambao Wajerumani huwaita Klippschliefer na ambao wageni huwaona mapema kwa sababu hawaogopi watu. Ngiri, ambaye ni Warzenschwein. Na yule ndege wa rangi nyingi anayetua juu ya vijiti kando ya barabara, Gabelracke. Mzee mmoja wa kazi hii, anayezungumza Kijerumani vizuri ingawa simu yake ni ya vibonyezo, aliniambia siku moja: „Mdogo wangu, mgeni hakuulizi umefika somo la ngapi. Anakuuliza yule ndege ni ndege gani."

Kuhusu hesabu ya siku mfululizo nitasema kidogo tu. Sehemu kubwa ya Serengeti haina mtandao, na nimewaona vijana wa kazi yetu wakizunguka kambi usiku, simu juu, wakitafuta alama moja ya mawasiliano ili hesabu yao isikatike, kisha wakifanya somo jepesi walilokwisha kulifanya zamani na kwenda kulala wameridhika. Hesabu hiyo inamfaa mwenye programu, anayetaka urudi kesho, kuliko inavyomfaa mwanafunzi.

Kilichonibadilishia mwendo ni programu ya aina ya pili, ile inayokuja ikiwa tupu. Ninayotumia ni Anki, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2006 na Damien Elmes. Toleo lake la simu za Android ni la bure, na ukishaliweka linafanya kazi bila mtandao. Haina kozi, haina picha za kuchekesha, haina pongezi. Inakupa kadi yenye pande mbili na kukuachia uandike unachotaka. Kazi yake ni kuamua lini ikuonyeshe tena kila kadi: ukiikosa inarudi upesi, ukiipata inakaa siku kadhaa, ukiipata tena inakaa wiki, halafu miezi. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi inapungua, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunahifadhi zaidi ya kurudia kwa mkupuo. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza namna ya kulifanya jambo hilo kwa sanduku la kadi lenye vyumba, ambapo kadi uliyoijua inasogezwa chumba cha mbele na uliyoikosa inarudi cha kwanza. Simu imeondoa sanduku tu.

Ninavyofanya ni hivi. Mchana nikiwa kazini, swali la mgeni lililonishinda kujibu kwa Kijerumani ninaliandika kwa Kiswahili kwenye daftari la gari, pale pale ninapoandika kilomita na mafuta. Jioni kambini, wageni wakisubiri chakula, ninamwomba mmoja wao anisahihishie jibu langu na, akikubali, alisome kwa sauti nikimrekodi kwa simu. Sijapata bado mgeni aliyekataa. Wengi hufurahi kuliko walivyofurahi kuona chui. Sentensi inaingia kwenye kadi ikiwa na sauti ya mtu halisi: mbele Kiswahili, nyuma Kijerumani. Ninasisitiza mpangilio huo, kwa sababu ndiyo njia ambayo kinywa changu kitapita kazini, na kwa sababu unaondoa Kiingereza katikati.

Chukua kadi moja. Karibu kila kundi linauliza tembo hubeba mimba kwa muda gani. Jibu ni miezi 22, yaani „zweiundzwanzig Monate", na wao hutaja mbili kwanza ndipo ishirini. Katika masomo ya tarakimu kwenye kozi ya kwanza niliipata namba hiyo kila mara, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa mbele yangu. Kwenye gari nilikuwa nasita katikati, na mgeni aliyesikia mwisho tu wa neno alibaki na ishirini. Sasa inatoka yenyewe, pamoja na mita 600 hivi za kutoka ukingoni hadi sakafu ya kreta ya Ngorongoro, kwa sababu nimezirudia nikiwa nimefumba macho, sauti juu, kabla ya kugeuza kadi.

Sarufi nayo iliingia kwa mlango huo. Wajerumani wanapotoa sababu, kitenzi hukimbilia mwisho wa sentensi: „Wir warten, weil der Gepard jagen will," tunasubiri kwa kuwa duma anataka kuwinda. Kozi ilikuwa imenieleza kanuni hiyo na nikaipita kwa alama nzuri. Niliiweza siku nyingi baadaye, baada ya kuwa na kadi nyingi za kungoja (tunangoja kwa sababu barabara ina maji, kwa sababu twiga wanavuka, kwa sababu geti halijafunguliwa) hata sikio likazoea kwamba jambo lenyewe linakuja mwisho.

Kadi zina adha zake. Ukizitunga neno moja moja unaishia na kamusi kichwani isiyozungumza. Bora sentensi nzima yenye jambo moja. Ukiziacha wakati wa safari ndefu unakuta rundo la marudio linalokatisha tamaa, na dawa yake ni kuacha kuongeza mpya mpaka rundo lipungue.

Kuzungumza, hata hivyo, hakumo katika programu yoyote kati ya hizo mbili. Gari letu lina viti saba vya wageni, na siku wote wanapouliza kwa pamoja, redio ikiita kwamba kuna chui Seronera, hakuna somo lililokuandaa. Waswisi wakizungumza wao kwa wao ni kama lugha nyingine kabisa, ingawa wakikugeukia wewe hubadilika kwa hisani. Siku hizi zipo programu zinazojibu kwa akili bandia. Duolingo yenyewe ilianza kuuza mazungumzo ya namna hiyo mwaka 2023. Nimejaribu programu ya kufanana na hiyo. Ina subira na inasahihisha vizuri maandishi, lakini inatamka wazi mno, haikukatizi, inabahatisha ulichotaka kusema hata ulipokisema vibaya, na inahitaji bando ambalo porini halishiki. Anayelenga cheti ajue pia kwamba mtihani wa kwanza wa Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, ule wa ngazi ya A1, una sehemu ya kuzungumza mbele ya wasahihishaji na watahiniwa wenzako: unajitambulisha, unataja herufi za jina lako moja moja, unauliza na kujibu kuhusu neno ulilookota kwenye kadi, na unahitaji alama 60 kati ya 100 kwa jumla. Hakuna maneno ya kupanga kwenye kioo.

Kwa kijana anayeanza ningemshauri atumie kozi iliyopangwa, ile ya bure, mpaka aweze kusoma sentensi fupi kwa sauti na kujitambulisha, bila kujali hesabu ya siku. Baada ya hapo aipunguze na kuanza kadi zake. Ada ya mwaka ambayo programu hizi hudai ili kuondoa matangazo na kufungua masomo ya ziada, mimi siilipi. Fedha hiyo naiweka kwa ajili ya mwalimu wa masika. Ninamwendea nikiwa na kadi zangu na rekodi za wageni, naye hafundishi lolote jipya: ananiuliza maswali ya wageni kwa mpangilio asionitajia, ananikatiza, na kila ninapotamka ü kama u anakataa kuendelea.

Msomaji wenu, Arusha