Kiti cha Umeme Kikigoma: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu viti vya magurudumu vya umeme. Tumejibu zile zenye hitilafu zinazojirudia sana hapa Mombasa, ambako chumvi ya bahari huharibu viungo vya waya kabla haijafika kwenye bodi yenyewe. Karibu vipimo vyote vilivyomo humu vinafanywa kwa mita ya kidijitali ya kawaida, yenye kusoma volti na omu.

Kabla ya kushika chochote, zima kiti na ukipandishe juu ya matofali ili magurudumu yanayoendeshwa na mota yasiguse chini. Vua pete na saa, na ufunge mpini wa spana kwa tepu ya umeme. Volti 24 hazikurushi kama stima ya ukutani, lakini spana ikigusa terminali mbili za betri hupitisha mamia ya ampea, na hapo hata pete ya kidoleni huiva nyekundu.

Assalaam aleikum. Kiti changu kinakwenda vizuri kwenye barabara tambarare, ila nikishuka kwenye feri na kuanza kupanda mwinuko, hasa maji yakiwa yamekupwa, kinazimika katikati. Nikikaa kidogo nikakiwasha, kinawaka na taa zote za betri zipo. Fundi alipima akapata volti 25.2, akasema betri ni nzima na kilichokufa ni kontrola, kile kisanduku cha elektroniki kinachoongoza mota. Bei yake imenishinda. Nifanyeje? (Msomaji, Likoni)

Waaleikum salaam. Usinunue kontrola bado. Kipimo hicho kilichukuliwa kiti kikiwa kimesimama, na volti za betri iliyopumzika hukueleza ina chaji kiasi gani tu. Uwezo wake wa kutoa ampea hauonekani hapo. Barabara tambarare, mota zote mbili hula ampea chache. Kwenye mwinuko kama huo wa kivukoni zinaweza kupita ampea 40, na betri iliyochoka huanguka ghafla. Kontrola ikiona volti zimeshuka mno hujizima, kisha ukipumzika volti zinarudi na taa zote zinawaka kana kwamba hapakutokea kitu.

Kiti chako kina betri 2 za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Zichaji usiku kucha, chomoa chaja, subiri saa 2 au 3, halafu pima kila moja peke yake. Betri nzima iliyojaa husoma kati ya 12.7 na 12.9. Ikisoma 12.2 baada ya chaji kamili, haishiki tena. Zote zikisoma vizuri, nenda kwenye kipimo cha mzigo: funga mita kwenye terminali za betri moja, panda rampu fupi polepole, mtu mmoja akitembea nyuma yako na mwingine akisoma mita. Rudia kwa betri ya pili. Betri nzima hushuka hadi karibu 12 kisha ikarudi. Ile inayoporomoka chini ya 10.5 wakati mwenzake imeshikilia 12 ndiyo inayokuzimia njiani.

Hata ikiwa mbovu ni moja, badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja na Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi betri) sawa. Chaja huangalia jumla ya volti za betri mbili tu. Mpya na kuukuu zikikaa pamoja, moja itazidishiwa chaji na nyingine itapunjwa, na baada ya miezi michache utarudi pale pale.

Betri zikipita mtihani, fuata waya. Hapa ndipo viti vingi vya pwani huhukumiwa bure. Kiungo kilicholiwa na chumvi kikiwa na ukinzani wa omu 0.05 tu, ampea 40 zikipita unapoteza volti 2 na wati 80 zinageuka joto kwenye plagi. Mita ya omu ya kawaida haiwezi kusoma kiasi kidogo hivyo kwa usahihi, kwa hiyo pima kwa volti: ncha moja ya mita kwenye terminali ya betri, nyingine kwenye mwisho wa waya huo huo karibu na kontrola, kisha panda rampu. Ikizidi 0.3 hivi, kuna kiungo kibovu kati yake. Fanya hivyo kwa waya wa chanya na wa hasi, maana wengi hupima chanya wakasahau hasi. Baada ya kupanda, gusa plagi kubwa ya betri na sakiti breka. Ya moto ndiyo yenye ugonjwa.

Kusafisha: msasa laini mpaka shaba ing'ae, kaza nati, kisha paka vaselini juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Plagi ambayo plastiki yake imegeuka kahawia usiisafishe, ibadilishe, kwa kuwa chuma chake kimeshalegea kwa joto. Unapokata waya, endelea kurudi nyuma mpaka uone shaba nyekundu. Chumvi hutambaa chini ya ganda la waya na kuifanya shaba iwe nyeusi, na lehemu haishiki hapo. Kichwa kipya cha waya kibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa pulaisi.

Jambo moja zaidi la kumwambia fundi wako: kontrola iliyopata joto kupita kiasi hupunguza nguvu polepole, kiti kikawa kizito. Kuzimika mara moja na kurudi upesi ni dalili ya betri au kiungo. Na mpaka umemaliza ukarabati, usipande kivukoni bila mtu wa kukusaidia. Kiti kikizimika, breki za mota hujifunga zenyewe. Wenzo wa kuachia breki ili kiti kisukumwe usiguswe kabisa mkiwa kwenye mwinuko.

Nina kiti kilichotoka Uingereza, kontrola imeandikwa VR2. Kila nikiwasha, vijitaa 2 vinapepesa na kiti hakiendi. Jirani mwenye kiti cha Shark anasema kupepesa mara 2 ni betri. Nimebadilisha betri na bado. (Msomaji, Changamwe)

Jirani amesema kweli kuhusu kiti chake. Kila kampuni ina lugha yake. Kwa Shark, kupepesa mara 2 ni betri, mara 3 ni mota ya kushoto na mara 4 ni ya kulia. Kwa VR2, kijitaa 1 ni betri au kiungo chake, 2 ni mota ya kushoto imekatika, 3 mota ya kushoto imegusana na waya wa betri, 4 na 5 ni hayo hayo kwa mota ya kulia, 6 chaja imezuia, 7 jostiki (kijiti cha kuongozea kiti) haikuwa katikati ulipowasha, 8 kontrola yenyewe, 9 breki, na 10 volti zimezidi.

Kwa hiyo tafuta upande wa kushoto. Chomoa plagi ya betri kwanza. Plagi za mota mbili zikiwa zinafanana, zibadilishane: ya kushoto iingie kulia, ya kulia iingie kushoto. Rudisha betri, washa, magurudumu yakiwa hewani. Kosa likihama na kuwa vijitaa 4, kontrola yako ni nzima na ubovu uko kwenye mota au waya wake. Likibaki 2, ubovu uko kwenye kontrola au tundu lake. Jaribio hili la dakika 10 halina gharama, na tungependa kila fundi alifanye kabla hajamtajia mtu bei ya kontrola. Ukimaliza, rudisha plagi mahali pake kabla kiti hakijashuka chini, la sivyo kitageuka upande usioutarajia.

Mota ikiwa ndiyo mbovu, pima pini 2 nene za plagi yake. Nzima husoma chini ya omu 1 au zaidi kidogo. Ikionyesha njia imekatika, au namba inarukaruka unapotikisa waya, angalia mahali waya unapojikunja kuingia kwenye mota, kisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Kaboni iliyobaki chini ya theluthi ya urefu wa mpya ibadilishwe, zote za mota hiyo kwa wakati mmoja. Iteleze yenyewe kwenye nyumba yake bila kukwama. Mara nyingi kaboni bado ni ndefu, ila vumbi lake limechanganyika na unyevu likaigandisha. Puliza vumbi lote nje, ukijifunga kitambaa puani.

Pini 2 nyembamba ni za breki. Linganisha mota mbili: zote zisome makumi ya omu, zikikaribiana. Lakini ukiona vijitaa 9, tazama kwanza ule wenzo wa kusukumia kiti. Mara nyingi mtu ameuacha umefunguliwa, na hakuna kilichoharibika.

Baba yangu hupenda kupunga upepo ufuoni Mama Ngina jioni. Juzi wimbi lilirusha maji hadi kwenye jostiki. Sasa kiti kinaonyesha vijitaa 6 hata chaja ikiwa haijachomekwa. Tumekianika juani siku nzima. (Msomaji, Ganjoni)

Kiti kinadhani chaja imechomekwa. Tundu la chaja mbele ya jostiki lina pini 3: ya 1 ni chanya, ya 2 ni hasi, na ya 3 ni ya ishara. Chaja ikiingia huunganisha ya 3 na ya 2, na kontrola inakataza kiti kwenda ili mtu asiondoke na waya ukutani. Chumvi yenye unyevu ikijaa kati ya pini hizo hufanya kazi ile ile. Jua halikusaidia kwa sababu jua hukausha maji tu na kuiacha chumvi, nayo usiku hunyonya unyevu upya.

Chomoa plagi ya betri. Sugua tundu kwa mswaki mkavu, kisha kwa mswaki ulioloweshwa alikoholi ya isopropili, mara 2 au 3, ukielekeza tundu chini ili uchafu utoke. Acha mbele ya feni mpaka pakauke. Pima omu kati ya pini ya 2 na ya 3: ikisoma omu chache au makumi, bado kuna chumvi. Pini zilizoliwa zikawa za kijani na nyembamba hazitibiki, badilisha tundu.

Maji ya bahari yakiingia ndani ya jostiki yenyewe, wahi siku hiyo hiyo. Betri ikiwa imechomolewa, fungua kifuniko, suuza bodi kwa maji safi ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli (hakikisha si asidi), maliza kwa alikoholi, kausha kwa feni saa 48. Usiwashe kujaribu katikati. Volti 24 juu ya chumvi mbichi hula njia za shaba kwa dakika chache. Kuizika kwenye mchele ni kupoteza muda.

Kagua pia ule mpira mweusi chini ya shina la jostiki. Ukiwa na ufa, ubadilishe.

Tumepewa kiti kutoka Marekani pamoja na chaja yake. Tulipoichomeka ilitoa mlio na moshi. (Mama wa Mtopanga)

Pole, mama. Marekani hutumia volti 120 na sisi 240. Chaja iliyoandikwa 115V pekee hupasuka kapasita za upande wa kuingilia stima. Iliyoandikwa 100–240V ingekubali hapa bila shida, na nyingine zina kiswichi kidogo cha 115/230 ambacho lazima kisogezwe kabla ya kuchomeka.

Kiti chenyewe yamkini hakijadhurika. Pima betri, na tundu la chaja kati ya pini ya 1 na ya 2: zisome takriban sawa. Betri zikisoma 24 na tundu likisoma 0, njia ya kuchajia imekatika, na hata chaja mpya haitajaza kitu.

Tafuta chaja ya volti 24 ya betri za risasi zilizozibwa, yenye pini 3. Ampea ziwe karibu sehemu ya 10 ya Ah za betri: betri za 35 Ah zinafaa chaja ya ampea 3 hadi 5, za 50 Ah ampea 5 hadi 8. Usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye tundu la kiti. Usishtuke ukiipima bila betri ikasoma 0, maana nyingi hazitoi chochote mpaka zihisi betri. Fyuzi ya plagi ya ukutani iwe ya ampea 3 au 5, si ile ya 13. Na kwa vile stima yetu hurudi kwa kishindo, ipitishe kwenye kilinzi kile cha friji kinachosubiri dakika chache.

Kiti kinawaka, taa za kasi zinakimbia upande hadi upande, hakiendi. (Kijana, Tudor)

Kimefungwa. Kwa VR2, washa, sukuma jostiki mbele mpaka ilie, ivute nyuma mpaka ilie, iachie.

Betri za kiti ni ghali. Naweza kutumia za gari, au zile za sola? (Msomaji, Kisauni)

Za gari hapana. Bamba zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukizimaliza chaji kila siku hufa upesi. Zenye asidi ya maji humwaga kiti kikiinama.

Za sola ndiyo, ikiwa ni AGM (asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) au jeli, za kutumika kwa kina, zilizozibwa. Pima urefu, upana na kimo cha kisanduku cha kiti kabla ya kwenda dukani, na utazame chanya iko upande gani, kwani waya za kiti huwa fupi. Beba mita: betri iliyokaa rafuni ikisoma chini ya 12.4 iache hapo hapo. Ukifika nyumbani zichaji kikamilifu kabla ya safari ya kwanza, kisha kila usiku unapotumia kiti, saa 8 hadi 12 mpaka taa iwe kijani.

Za lithiamu zinahitaji chaja yake, na bodi yake ya ulinzi isiyotosha hukata umeme ghafla kwenye mwinuko. Kwenye kushuka pia kuna shida: mota hurudisha umeme kwenye betri, na bodi ikiukataa, VR2 huonyesha vijitaa 10. Usinunue kabla muuzaji hajakuonyesha kwa maandishi ampea ambazo bodi hiyo hubeba mfululizo, na zisiwe chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kontrola yako.