Dada wa Naivasha, usikubali kung'olewa meno mazima

Dada, usiende Ijumaa. Nimeusoma uzi wako mara mbili na nimeshindwa kunyamaza. Unasema meno yako ya juu ni ya kahawia tangu utotoni, mawili ya nyuma yameoza, na kuna mtu hapa mjini atakung'oa yote ya juu akuwekee ya bandia meupe kabla ya harusi ya mdogo wako. Unauliza bei, unauliza kama yale laini yanayopindika ni bora kuliko ya plastiki ngumu, na utachukua muda gani kuyazoea. Mimi naanza na hili: hayo mengine yote yanatikisika? Na kama yameshika, ni nani aliyesema yatoke?

Mimi ni mtoto wa Gilgil. Maji yetu yalikuwa ya kisima kirefu, yenye floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Mtoto akiyanywa miaka ile meno ya ukubwani yanapoundwa ndani ya taya, yanaota yakiwa na madoa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kwetu vinapita hapo. Lakini doa si kuoza. Hilo sikuambiwa.

Mwaka wa 2016 nilikuwa na miaka 38, nauza vipuri Kirinyaga Road, na nilikuwa nimechoka kufunika mdomo kwa mkono kila nikicheka na mteja. Juu nilikuwa na meno 12. Matatu yalikuwa yameoza, magego. Tisa yalikuwa imara, nikivunja nayo mahindi ya kuchoma. Nikapanda ngazi hadi kwa jamaa mmoja aliyevaa koti jeupe. Hakupiga eksirei. Alinigonga meno kwa kijiti cha chuma akasema, "Haya yote ni maganda tu, mzee, ndani yamekwisha." Uongo mtupu. Meno yangu aliyang'oa kwa siku mbili, na moja la mbele lilimtoa jasho kwa sababu mzizi wake ulikuwa mzima, umeshika mfupa kama mti wa mugumo. Nililisikia likilia ndani ya fuvu. Alipoliweka kwenye kibakuli nililiona: refu, safi, lina doa la kahawia mbele basi. Nalikumbuka mpaka leo. Na yule mtu akaendelea na linalofuata.

Bamba la meno ya bandia alinivisha wiki hiyohiyo, na kwa miezi miwili nilimbariki. Wa tatu likaanza kuanguka. Hapo ndipo penye shida yote, dada. Mfupa wa taya unakaa kwa sababu kuna mizizi ndani yake. Ukiitoa, mfupa unasinyaa, kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, kisha polepole maisha yako yote. Bamba halisinyai nao. Na mimi meno ya chini ya mbele ninayo bado, kwa hiyo kila nikitafuna yanalisukuma bamba juu, nalo linakula mfupa wa mbele. Leo nikigusa ufizi wangu wa mbele kwa ulimi unayumba kama ndewe ya sikio. Daktari wa meno wa kweli, niliyemwona nikiwa nimechelewa, aliniambia bamba jipya halipati pa kushika hapo.

Hao watu hawakuambii kwamba kaakaa lote linafunikwa, chai ya moto huisikii mpaka imefika kooni. Hawakuambii kuhusu mbegu ya pera. Ikiingia chini ya bamba, moja tu, ni kama unatafuna ukiwa na msumari. Niliwahi kumwacha mteja na pesa mkononi nikakimbilia msalani. Kwenye matatu nikisema "shukisha", herufi zinatoka na mluzi.

Nikawa nabandika kwa gundi, tyubu nzima kwa wiki. Tena chunga, zile zenye zinki ukizitumia kupita kiasi kwa muda mrefu zinapunguza shaba mwilini na kuharibu neva. Na nililala na bamba mdomoni mwaka mzima, kwa sababu sikutaka mke wangu anione bila meno. Kaakaa likawa jekundu kama nyama mbichi, fangasi. Mke wangu ndiye aliyelichukua bamba siku moja, akalitia kwenye glasi ya maji akaniambia, "Baba, lala."

Jino lililoshika haling'olewi kwa sababu ya rangi. Madoa yanasuguliwa, yanang'arishwa, au jino linafunikwa kwa nyenzo nyeupe na mzizi unabaki ulipo. Hayo mawili yaliyooza yapigwe eksirei, huenda hata yenyewe yanazibika au yanatibiwa mzizi. Yakishindikana, yatoke hayo mawili tu. Jino lililoshika haling'olewi, dada, hata akuonyeshe picha nzuri namna gani. Mimi nilionyeshwa picha nzuri sana.

Jina la huyo mtu litafute kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa meno. Iko kwenye tovuti yao. La yule aliyening'oa mimi nililitafuta mwaka wa 2019, na halikuwepo. Halafu nenda hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, pale wanafunzi wanatibu wakisimamiwa na wakufunzi wao. Uliza swali moja tu: lipi kati ya meno haya linaweza kubaki?

Kama umeshamlipa amana, mwachie. Mpigie leo jioni umwambie huji.