Kuweka mfumo upya bila kugusa mafaili

SWALI: Linux kwenye kompyuta yangu imeharibika. Mafaili yangu yako kwenye patisheni (sehemu iliyotengwa ya diski) ya peke yake, /home. Je, naweza kuweka mfumo upya nisiyapoteze?

JIBU: Unaweza, ila kwanza nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kwa sababu kosa moja la kubofya halirudishwi kirahisi. Programu ya usakinishaji ikikuuliza namna ya kugawa diski, usikubali kufuta diski nzima. Chagua kugawa mwenyewe. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa hiyo zitambue patisheni kwa ukubwa wake badala ya kutegemea jina kama sda2, ambalo laweza kubadilika diski nyingine ikichomekwa. Ile ya mfumo, yaani /, iwekee alama ya kufomatiwa, yaani kufutwa na kuandaliwa upya. Ile ya mafaili ipangie /home, uiache na aina yake ileile, na uhakikishe kisanduku cha kufomati hakina alama kabisa. Patisheni ya EFI, ile ndogo yenye mafaili ya kuwashia mfumo, nayo itumike bila kufomatiwa, hasa kama kuna mfumo mwingine kwenye kompyuta hiyo. Mwishowe, tumia jina lilelile la mtumiaji, ili folda yako ya zamani itambuliwe kuwa yako.