Ameolewa na anaimba kwaya, mbona anatamani kufa?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mi ni mama mchungaji, nashauri wanandoa. Nimesoma kwamba ndoa na imani vinamkinga mtu asijiue, sasa kuna mama hapa kanisani ameolewa, yuko kwaya, kaniambia kila usiku anaomba Mungu amchukue apumzike. Huo utafiti ni wa kweli? Na nikimuuliza wazi si ntamtia wazo?

JIBU: Salama mama mchungaji. Ni wa kweli na wa siku nyingi, Durkheim, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Ufaransa, mwaka 1897 alishaonyesha kwamba walio kwenye ndoa wanajiua kidogo kuliko wasio nayo, ila watu wakimnukuu wanaishia hapo, wakati huyohuyo alisema pale ambapo talaka hairuhusiwi ndoa inamlinda zaidi mwanaume kuliko mwanamke. Fomu ikisema "ameolewa" haijakwambia kama anapigwa au ananyimwa hela ya matumizi.

Dini nayo hivyohivyo. Marekani walifuatilia manesi wanawake karibu 90,000 kuanzia 1996 hadi 2010, waliokuwa wanaenda ibadani kila wiki walijiua kwa kiwango kama moja ya tano tu ya wale wasioenda kabisa. Lakini hapo wamehesabiwa waliokufa. Kwenye mawazo yenyewe ya kutaka kufa kinga inapungua, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) haichagui aliyeokoka. Mara nyingi imani inamzuia mtu asitende, anaogopa dhambi, anawafikiria wanae, na akikosa jumapili moja kuna mtu atamuulizia. Shida ni kwamba hofu hiyohiyo ya dhambi inamfunga mdomo, na akithubutu kusema halafu aambiwe ana pepo ndo basi tena, harudi. Huyo wako kaisema kama sala, mi siichukulii poa hata kidogo.

Muulize wazi, tena faragha: "Unawaza kujiua? Umeshapanga utafanyaje?" Kuuliza hakumtii mtu wazo, hilo limechunguzwa sana, wengi wanapata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Akisema amepanga asiachwe peke yake, sumu za shambani na vidonge vitolewe ndani, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hata kama hajapanga bado aonane na daktari wiki hii, maombi yaendelee sambamba na matibabu. Kabla hujamuita mume jua kwanza kama si yeye anayemtesa. Na lile somo la kuvumilia kwenye ndoa, kwa huyu liweke pembeni kwanza.