Maswali na Majibu: Kutafuta Mahali pa Kupigia Picha Katika Jiji Kubwa

Maswali yafuatayo yameletwa na wasomaji wanaopenda kutembea mijini wakiwa na kamera au simu. Nimeyafupisha na kuyajibu moja baada ya jingine, na yale yaliyohitaji maelezo marefu nimeyapa nafasi yake.

Swali: Ninakwenda katika jiji nisilolijua na nitakaa siku mbili tu. Nimekusanya orodha ndefu ya maeneo yanayosifiwa kwa picha, lakini naogopa nitazimaliza siku hizo nikiwa ndani ya magari. Nianzie wapi?

Ipunguze orodha hiyo mpaka yabaki maeneo matatu, kisha uchunguze kila eneo lililobaki linapendeza kwa sababu gani. Chukua mfano wa Washington Street huko Brooklyn, jijini New York, ambako wageni husimama katikati ya barabara kila siku ya mwaka. Kinachowavuta si Daraja la Manhattan peke yake, kwa kuwa daraja hilo huonekana kutoka sehemu nyingi. Kinachowavuta ni kwamba barabara yenyewe, ikiwa imebanwa na majengo ya matofali pande zote mbili, hulipeleka jicho moja kwa moja hadi kwenye mnara wa daraja, na ukisimama mahali panapofaa utaliona jengo la Empire State likichomoza kwa mbali katikati ya miguu ya mnara huo. Sogea hatua chache pembeni na jengo hilo linamezwa na chuma. Kwa hiyo eneo linalosifiwa ni kipande kidogo sana cha barabara, na uzuri wake unatokana na mambo matatu: kuta zinazobana, njia inayonyooka, na kitu kikubwa kinachoisubiri mwishoni.

Ukilielewa hilo utaacha kuitafuta Washington Street na kuanza kutafuta barabara yoyote inayoishia kwenye kitu: kuba, mnara wa saa, kilima, mti mkubwa, hata tangi la maji. Fungua ramani usiku mmoja kabla ya kutoka, uangalie mahali ambapo jiji linakatika. Mto, njia ya reli, uwanja mpana, ngazi ndefu na ukingo wa bandari ni sehemu za kuzitia alama, kwa sababu mtu aliye katikati ya majengo halioni jiji bali huona kuta, na anahitaji mwanya ili aone mbali. Angalia pia mahali ambapo barabara moja inaikata nyingine kwa mshazari, maana hapo hubaki viwanja vya pembetatu na majengo yenye maumbo yasiyo ya kawaida. Jengo la Flatiron la New York, lililokamilika mwaka 1902, lilipata umbo lake la pasi kwa sababu Broadway inaikata Fifth Avenue kwa namna hiyo.

Jengo hilo lina jambo jingine la kutufundisha. Alfred Stieglitz alilipiga picha mwaka 1903 wakati wa theluji, akiwa ameuweka mti wenye panda mbele yake, na mwaka uliofuata Edward Steichen akalipiga wakati wa magharibi, lami ikiwa imelowa na tawi likiwa limekatiza juu. Jengo ni lile lile na wapiga picha walifahamiana, lakini picha hizo mbili hazifanani hata kidogo. Nami ninaamini kwamba anayetafuta mahali pazuri anapaswa kutafuta pamoja na mahali hapo saa yake na hatua zake za kusimama.

Swali: Mbona picha zangu za mchana hutoka bapa na zisizo na uhai, ilhali eneo ni lile lile nililoliona kwenye picha za wengine likiwa linang'aa?

Jua likiwa utosini, mwanga hushuka wima, hivyo kuta za majengo hupata kidogo tu, barabara hung'aa kupita kiasi, na nyuso za watu huwa na vivuli vizito chini ya macho. Jua likishuka, mwanga huanza kupita ubavuni, na hapo kila tofali, kila nondo ya roshani na kila mkunjo wa shati hupata upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli. Wapiga picha wengi huuita muda huo saa ya dhahabu, ingawa si lazima uwe saa nzima. Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa. Karibu na ikweta huzama kwa kushuka karibu wima, kwa hiyo nyuzi 6 za mwisho kabla ya upeo humalizika kwa takriban dakika 24. Katika jiji lililo mbali na ikweta kama London, mwezi Juni, jua huteleza kwa mshazari na muda huo huweza kukaribia maradufu. Anayetoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine akitegemea mazoea ya kwao huwahi mno au hukuta jua limeshakwenda.

Kipimo cha kujua muda uliobaki unacho mwenyewe. Nyoosha mkono mbele yako na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo angani ni takriban nyuzi 10, yaani karibu dakika 40 za mwendo wa jua kwa mtu aliye karibu na ikweta. Lakini upeo unaopaswa kuupima mjini ni paa la jengo lililo magharibi yako, si ardhi. Jua la mtaa mwembamba huzama mapema sana, na kama ungependa kulipiga likiwa limejaa barabarani unahitaji mtaa unaoelekea kule linakozamia. Barabara za Manhattan, zilizopangwa kwa mpango wa mwaka 1811, zimepinda takriban nyuzi 29 kutoka kaskazini halisi, ndiyo maana jua la machweo hukaa katikati ya mitaa yake ya kukatiza mwishoni mwa Mei na tena karibu na tarehe 12 Julai. Barabara za Chicago zimefuata kaskazini na mashariki sawasawa, kwa hiyo jambo hilo hutokea huko karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba. Mtaa wowote mnyoofu una siku zake za namna hiyo, isipokuwa ule unaoelekea mno kaskazini au kusini, na programu za simu zinazoonyesha njia ya jua zitakutajia siku hizo.

Usiudharau pia mwanga unaorudishwa na vioo. Katika jiji moja nililolitembelea nilipita mara kadhaa katika uchochoro uliokuwa nyuma ya mahali nilipofikia, nisione ndani yake kitu cha kunisimamisha. Asubuhi ya tatu, vioo vya jengo la ofisi la ng'ambo vilirudisha jua kwenye ukuta uliokuwa kivulini, vikauchora ukuta huo vipande vya mwanga vyenye umbo la madirisha, na mzee mmoja aliyekuwa ameinama akifungua kufuli la mlango wake akawa amesimama ndani ya kimojawapo, bega moja likiwaka na kichwa kikiwa gizani. Mwanga huo ulikaa dakika 11, nami nilizihesabu, kisha ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Jua likishazama, usifungashe. Kwa dakika ishirini hivi anga huwa na buluu nzito, na taa za madirisha huwa zimeshawashwa, kwa hiyo mwanga wa juu na wa chini hukaribia kulingana. Baadaye anga huwa jeusi tupu na taa huonekana kama mabaka meupe.

Swali: Kila mahali penye umaarufu pamejaa watu. Nifanyeje?

Fika alfajiri. Usipoweza, wafanye watu hao kuwa sehemu ya picha, kwa kuwa umati unaopanda ngazi humwonyesha mtazamaji ukubwa wa jengo kuliko ngazi tupu.

Swali: Sina kamera, nina simu ya kawaida. Majengo marefu yanatoka kama yanaangukia nyuma, na nikipanda juu ya ghorofa kupiga mandhari, kioo kinaharibu kila kitu. Je, kuna dawa?

Majengo huonekana kuanguka kwa sababu umesimama karibu ukainua simu juu. Rudi nyuma, hata kama itakubidi uvuke barabara au kupanda ghorofa ya pili ya jengo la mkabala, ushike simu ikiwa wima kabisa, kisha utumie lenzi ya kuvuta ikiwa simu inayo. Lenzi pana ya simu inavutia kwa kuwa inaingiza kila kitu, lakini husukuma mbali kile ulichokipenda na kukifanya kidogo. Kwa maoni yangu, picha nyingi za mijini zinaharibiwa na lenzi hiyo kuliko zinavyoharibiwa na ubora wa simu. Kama huna pa kurudi, fanya kinyume chake: simama chini ya jengo na uinue simu moja kwa moja juu, ili mistari ikutane angani kwa makusudi.

Kuhusu kioo cha ghorofani, kinachoharibu ni mwanga wa chumba ulio nyuma yako. Gusisha lenzi na kioo, uizungushie kitambaa cheusi au koti ili mwanga huo usipenye, uzime mmweko wa simu, na utafute sehemu ya kioo isiyo na alama za vidole. Kabla ya hayo yote futa lenzi yako yenyewe. Simu hukaa mfukoni na mkononi, na mafuta ya vidole hugeuza kila taa ya usiku kuwa ukungu.

Swali: Mlinzi mmoja alinizuia kupiga picha mbele ya jengo, na siku nyingine mama mmoja alinifokea kwa kupiga mlango wa nyumba yake. Nilikuwa barabarani. Je, sikuwa na haki?

Huenda ulikuwa na haki kisheria katika tukio moja au yote mawili, kwa maana nchi nyingi huruhusu kupiga picha kile kinachoonekana kutoka barabara ya umma, isipokuwa maeneo ya kijeshi na ya usalama. Lakini sheria hutofautiana, na ni vyema kuisoma ya nchi unayokwenda. Ujerumani inaruhusu picha za majengo yaliyo kando ya njia za umma kutumika hata kibiashara. Ufaransa ina masharti makali zaidi: Mnara wa Eiffel wenyewe uko huru, kwa kuwa Gustave Eiffel alifariki mwaka 1923, lakini mapambo yake ya taa za usiku yanalindwa, na anayetaka kuuza picha yake ya usiku huhitaji kibali. Ukipiga kwa kumbukumbu yako hakuna atakayekusumbua. Katika uwanja wa Trafalgar jijini London, upigaji picha wa kibiashara huhitaji ruhusa. Mlinzi akikuzuia, muulize kwa upole mpaka wa eneo lake unaishia wapi. Mara nyingi atakuonyesha, nawe utapiga ukiwa nje yake.

Suala la yule mama ni zito zaidi, na hapa ninamuunga mkono yeye. Mlango mzuri ni mlango wa mtu. Wakazi wa Rue Crémieux, mtaa mdogo wa nyumba za rangi jijini Paris, walifikia hatua ya kuiomba halmashauri mwaka 2019 iweke geti la kufungwa jioni na mwisho wa wiki, kwa kuwa wageni walikuwa wakipiga picha na kucheza muziki chini ya madirisha yao. Mwaka huohuo, mtaa wa Gion jijini Kyoto, Japani, uliweka vibao vya kukataza upigaji picha katika vichochoro vya binafsi, pamoja na faini ya yeni 10,000, na mwaka 2024 baadhi ya vichochoro hivyo vikafungwa kwa watalii. Mitaa hiyo ilichoshwa na watu waliojiona kila mmoja kuwa anachukua picha moja tu. Salimu, omba, piga haraka, ondoka. Ukikataliwa, shukuru na uendelee na safari yako. Na kama mtaa ni mdogo na wa makazi, usiutaje kwa jina unapoisambaza picha yake.

Swali: Ninaishi katika jiji lisilo na mnara wala daraja la kusifiwa. Je, nisubiri mpaka nisafiri?

Usisubiri. Mpiga picha Eugène Atget aliizunguka Paris kwa takriban miaka thelathini, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1927, akibeba kamera nzito ya mbao na sahani za kioo. Mnara wa Eiffel ulikuwepo muda wote huo, lakini yeye alipiga ngazi za nyumba za zamani, vitasa vya milango, madirisha ya maduka, pembe za mitaa iliyokuwa ikielekea kubomolewa, mara nyingi asubuhi na mapema kabla barabara hazijajaa. Alizirudia sehemu zile zile msimu baada ya msimu, na hiyo ndiyo nafasi uliyo nayo wewe ambayo mgeni wa siku mbili hana. Chagua mtaa mmoja unaopita kila siku. Kwa mwezi mzima upite kwa saa tofauti, na uandike kwenye daftari mwanga ulipoangukia, ni mlango gani unaopata jua kwanza, ni pembe gani inayobaki na kivuli hadi adhuhuri. Siku ya kupiga picha utajua pa kusimama kabla hujaitoa simu.

Swali: Mvua ikinyesha, siku imepotea?

Haijapotea. Jikinge mpaka ipungue, kisha utafute kidimbwi kilicho mbele ya taa au ukuta wenye rangi, hata kidogo kama sahani. Igeuze simu juu chini ili lenzi iwe karibu kabisa na maji, na jengo zima litaingia ndani yake. Usikae barabarani kukitafuta: kidimbwi cha ukingoni mwa njia ya miguu kinatosha, na kina muda mfupi kabla gari halijakitibua.